Maswali ya Wasomaji: Mtoto Hatulii na Mvua Haikatiki

Tangu masika yaanze, barua nyingi zinazoifikia safu hii zinahusu watoto wadogo waliofungika ndani ya nyumba. Nimechagua tatu. Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu, kwa sababu imebeba mambo ambayo wengi wenu mmeyauliza kwa maneno tofauti.

SWALI: Assalaam aleikum. Mimi ni mama wa mtoto mmoja wa kiume mwenye umri wa miaka miwili na miezi minne. Tunaishi Tudor hapa Mombasa, ghorofa ya tatu, katika nyumba ya vyumba viwili, pamoja na mama mkwe wangu. Siku za jua humpeleka mwanangu uwanjani kila alasiri, na akirudi hula na kulala bila taabu. Sasa mvua hainyamazi. Kuanzia asubuhi hupanda makochi, kisha meza, kisha dirisha. Huvuta mapazia, humwaga maji, na hukimbia kutoka mlangoni hadi jikoni huku akipiga kelele. Vitu vya kuchezea anavyo vya kutosha, lakini kila kimoja hukishika dakika tano akakitupa. Jirani wa chini amekwisha kuja mara mbili kulalamikia kishindo. Mama mkwe anasema mtoto ni mtundu kupita kiasi na kwamba mimi ndiye niliyemdekeza. Nikishindwa kabisa humwashia televisheni, naye hutulia, lakini ikizimwa huwa mkali kuliko mwanzo, na usiku hapati usingizi hadi saa tano. Nifanye nini? — Mama wa Tudor

JIBU: Waaleikum salaam, binti yangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na jambo la kwanza ninalotaka kukuambia ni kwamba katika uliyoyaeleza sioni kasoro ya mtoto wala kosa la malezi. Mtoto wa miaka miwili ana mwili unaodai kutumika kama tumbo linavyodai chakula. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2019 kuhusu watoto walio chini ya miaka mitano, linasema kwamba mtoto wa umri wa mwanao anahitaji angalau dakika 180 za kuutumia mwili kila siku, zikiwa zimetawanyika kuanzia asubuhi hadi jioni. Hizo ni saa tatu kamili. Siku za jua alikuwa akizipata bila nyinyi kuzihesabu: kushuka na kupanda ngazi za ghorofa tatu, kwenda uwanjani kwa miguu, kukimbiza kunguru, kuchimba mchanga. Mvua imemnyima sehemu kubwa ya saa hizo, naye anazidai kwa makochi na mapazia yako.

Umesema vitu vya kuchezea huvitupa baada ya dakika tano, na hilo halinishangazi. Mtoto wa umri huu huwatazama watu wazima wa nyumba yake kutwa nzima. Humwona mama akifagia, akibeba ndoo, akikuna nazi, akifua, na shauku yake kubwa ni kuingia katika kazi hizo. Gari la plastiki halina uzito, halina maji, halina harufu, wala hakuna mtu mzima anayelihitaji, ilhali mtungi wa maji unahitajiwa na kila mtu nyumbani. Ushauri wangu wote kwako unaanzia hapo: mpe kazi ya kweli inayolingana na nguvu zake, na kazi nzito itangulie kazi nyepesi.

Anza mara tu baada ya chai ya asubuhi, kabla hajayakumbuka makochi. Chukua mtungi wa lita tano, utie maji hadi nusu, ufunge kifuniko barabara, kisha mwambie akupelekee jikoni. Mzigo huo una uzito wa kilo mbili na nusu hivi, na kwa mtoto wa miaka miwili hiyo ni kazi ya haja. Ataushika kwa mikono miwili na kurudi nao kinyumenyume, atasimama apumue, atauzunguka aanze kuusukuma kwa tumbo. Akifika, mshukuru kama unavyomshukuru mtu mzima, kisha mwombe aupeleke bafuni, kwa sababu sasa unahitajika huko. Watoto hawachoki na safari za namna hii mapema kama tunavyochoka sisi kuzitazama, kwa hiyo usiione haya kumtuma mara kumi.

Kazi ya pili ni kufua. Weka beseni pana kwenye sakafu ya bafu, utie maji yanayofika kwenye vifundo vya miguu yake pamoja na sabuni kidogo, soksi na leso moja, umshike mikono yote miwili, naye akanyage. Sabuni huteleza, kwa hiyo mikono usiiachilie. Kisha mpe kila soksi aikamue mwenyewe na kukukabidhi uianike kwenye kamba ya ndani.

Baada ya hapo, ukitaka akimbie na kuruka, toa godoro moja kitandani ulilaze sakafuni mbali na dirisha na kona za meza, awe anarukia juu yake kutoka kwenye mto. Tandaza pia leso juu ya viti viwili vilivyoachana, apite chini yake kwa kutambaa huku akihamisha vijiko vya mbao, kimoja kimoja, kutoka sufuria ya upande huu hadi sufuria ya upande wa pili. Hilo la vijiko ndilo linalofanya mchezo udumu. Mtoto anayetambaa bila sababu hupita mara mbili akaacha, na mwenye kijiko cha kufikisha hupita hadi sufuria ijae.

Karibu na saa nne na nusu, nguvu za kwanza zikishapungua, mwite jikoni. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu sijaona chumba kinachomfaa mtoto wa miaka miwili siku ya mvua kuliko jikoni, mradi kuwe na mtu wa kumtazama. Siku moja ya mvua za vuli nilimkalisha mjukuu wangu, wa rika la mwanao, juu ya mkeka pamoja na fungu la mchicha na sufuria mbili, moja ya majani na moja ya vijiti. Mwanzoni kila kitu kilikwenda katika sufuria moja. Sikumsahihisha, niliendelea na fungu langu kando yake, nikichambua polepole ili aone. Baada ya muda akagundua kwamba jani likivutwa kuelekea chini huachana na kijiti kwa sauti ndogo ya kukatika, na kuanzia hapo akawa anainamisha sikio karibu na kila jani kabla ya kulivuta. Fungu lilipokwisha alininyooshea mkono kutaka jingine. Mchana ule alikula mchicha ambao kwa kawaida huutema, akimwonyesha kila mtu mezani kwamba ni wake.

Nazi nayo ina kazi yake. Mbuzi ya nazi ikae juu, mahali asipopafikia, kwa kuwa meno yake hayana huruma na vidole vidogo. Lakini nazi ikishakunwa na tui zito likishatoka, mpe machicha kwenye bakuli pamoja na maji ya uvuguvugu, umwonyeshe namna ya kukamua kwa viganja. Maji yanageuka meupe mbele ya macho yake, na atakamua hadi mikono ichoke. Vifuu usivitupe. Kifuu huelea vizuri kabisa, kwa hiyo ukikisimamishia jani liwe tanga, beseni la maji hugeuka bandari, na mtoto atashinda akipakia na kupakua vijiko humo kama jahazi lililofika Bandari ya Kale. Ukiwa na unga wa ngano, mkandie donge kwa vikombe viwili vya unga, kijiko kimoja cha chumvi, vijiko viwili vya mafuta na maji kidogo kidogo, utie bizari ya manjano lipendeze. Asilile tu, kwani unga mbichi huweza kuwa na vijidudu.

Kuna mambo ya hatari ambayo sina budi kuyataja kwa uzito. Mtoto mdogo anaweza kuzama katika maji yenye kina cha sentimita chache, kwa hiyo beseni na ndoo vimwagwe mara kazi inapokwisha, na usitoke kwenda kupokea simu ukamwacha na maji. Kunde, mbaazi, sarafu na vifuniko vya chupa visiwe vya kuchezea mtoto wa umri huu. Hili ninalisema kwa uchungu, kwa sababu miaka mingi iliyopita nilimpa mwanangu bakuli la kunde achezee huku nikipika, nikageuka kuepua sufuria, na niliporudi alikuwa amesukumiza kunde moja puani. Nikajaribu kuitoa mwenyewe kwa ncha ya kibanio nikaizidisha kuingia, na hospitalini tuliambiwa kwamba kule kujaribu ndiko kulikolifanya jambo kuwa gumu. Likikufika, usichokoe, mpeleke kwa daktari. Na kwa kuwa mvua hutufanya tufunge madirisha, jiko la makaa lisiwashwe ndani ya chumba kilichofungwa, kwani hewa yake yenye sumu haina harufu ya kukutahadharisha. Makochi yaliyo chini ya dirisha yaondoe leo hii. Ghorofa ya tatu si mahali pa kutegemea kwamba mtoto ataogopa.

Kuhusu jirani, nenda wewe kwake kabla hajaja mara ya tatu, umpelekee sahani ya mahamri, umuulize ni saa ngapi hulala au hupumzika. Ukijua kwamba analala baada ya adhuhuri, michezo ya kuruka utaiweka asubuhi, na mchana mtachambua mchicha na kukamua machicha. Jamvi nene chini ya godoro hupunguza kishindo. Jirani aliyeulizwa huvumilia mengi ambayo aliyepuuzwa hayavumilii.

Mama mkwe usishindane naye kwa maneno kuhusu kudekeza. Yeye alilea watoto katika nyumba zenye ua, ambako mtundu alitolewa nje akarudi amechoka, na pengine hajawahi kumwona mtoto aliyefungiwa ghorofani kwa siku tatu. Mwombe amkalishe mjukuu kwa nusu saa kila siku amfundishe jambo moja analolijua vizuri: kukunja leso, kupanga vikombe, kusuka ukili ikiwa anajua, ambapo mtoto atavuruga minyaa na kufurahi. Mwombe pia amsimulie, kwa kuwa watoto hupenda hadithi ileile irudiwe kila siku bila kubadilishwa neno, na wakubwa ndio wenye subira hiyo.

Mwisho ni televisheni na usingizi, mambo ambayo kwa mtoto wako yamefungamana. Mwongozo ule niliokutajia unasema mtoto wa miaka miwili asizidishe saa moja kwa siku mbele ya skrini, na pungufu ya hapo ni bora zaidi. Sikulaumu kwa siku ulizoshindwa. Lakini mtoto anayekaa mbele ya picha kwa muda wa saa nne mchana huwa amekalia nguvu zake zote, na zitatoka tu, ama kwa ukali pale inapozimwa ama kwa kukesha. Kama utaiwasha, iwe kipindi kimoja, mwambie mapema kwamba kikiisha mnakwenda kumwaga maji ya beseni, na mara kinapoisha mnyanyuke pamoja mkamwage. Umri wake unahitaji saa 11 hadi 14 za usingizi kwa siku, ukiwamo wa mchana. Usingizi wa mchana usivuke alasiri, taa zipunguzwe baada ya isha, na kabla ya kulala mwogeshe kwa maji ya vuguvugu bila haraka. Mpe siku nne au tano za utaratibu huu kabla ya kuamua kama umefaa.

SWALI: Mimi ni fundi wa ujenzi, na mvua ikinyesha kazi husimama. Mke wangu huuza duka, basi mimi ndiye ninayebaki na binti yetu wa mwaka mmoja na nusu. Hataki chochote ila simu yangu, na nikimnyima hulia hadi majirani wanachungulia. Je, kuna simu au programu zinazomfaa mtoto wa umri huo? — Baba wa Likoni

JIBU: Ndugu yangu, nakupongeza kwa kubaki na mwanao na kuuliza. Kwa mtoto wa mwaka mmoja na nusu, Shirika la Afya Duniani halishauri skrini kabisa, kwa hiyo siwezi kukutajia programu yoyote. Kuzungumza na shangazi au nyanya yake aliye mbali kwa simu ya picha ni jambo jingine, kwani hapo kuna mtu anayemjibu, anayecheka naye na kumwita jina.

Simu huitaka kwa sababu huiona mkononi mwako wakati wote. Iweke juu ya kabati ikiwa na sauti, uende kuipokea inapoita, na utaona kilio kinapungua baada ya siku chache. Badala yake, tumia kile ambacho fundi anacho kuliko mtu mwingine yeyote nyumbani, yaani nguvu na mikono. Lala chali sakafuni umpandishe juu ya magoti yako, piga magoti awe anapita chini ya tumbo lako kama chini ya daraja, mbebe mgongoni mkikagua nyumba huku ukimtajia kila kitu: mlango, bawaba, komeo, dirisha. Mtafutie katoni kubwa, uikate madirisha mawili, ukunje kingo zisimkwaruze, umwachie aingie na kutoka. Mpe pia kipande kipana cha ubao laini uliousugua vizuri pamoja na brashi safi na kopo lenye maji kidogo, naye atakipaka maji, kitakauka, atakipaka tena. Vifaa vyenyewe vya kazi, misumari na mabaki ya rangi vifungie mahali pa juu. Akilia kwa sababu ya simu, mshike, kaa naye, usimpe. Majirani wakichungulia, waamkie.

SWALI: Mimi ni nyanya wa wajukuu watano, naishi Mji wa Kale. Zamani mvua ikinyesha tuliwaacha watoto wakaoga uani, wakarudi wamefurahi. Sasa mkwe wangu anakataza kabisa, anasema mtoto wa miaka mitatu atapata mafua au nimonia. Nani kati yetu yuko sahihi? — Nyanya wa Mji wa Kale

JIBU: Shikamoo, nyanya. Kila mmoja wenu ana sehemu ya haki, na nitajaribu kuwagawia bila kumpendelea mtu.

Mafua husababishwa na virusi, ambavyo mtoto huvipata kutoka kwa mtu mwingine mwenye mafua, na msimu wa mvua huvieneza zaidi kwa sababu sote tunajibana ndani na madirisha yamefungwa. Mvua ya Mombasa si ya baridi kali. Mtoto mwenye afya anayecheza uani kwa dakika kumi au kumi na tano, kisha akakaushwa vizuri, akavikwa nguo kavu na kupewa uji wa moto, hapati nimonia kwa sababu ya matone yale. Mwenye homa, kikohozi au pumu abaki ndani, na hapo mkwe wako asikilizwe bila mjadala. Anayetetemeka pia aingizwe mara moja, hata kama anakataa.

Lakini kuna mambo mawili ya kutahadhari nayo katika mvua. La kwanza ni radi: mkisikia ngurumo, watoto waingie, na wasitoke tena mpaka dakika 30 zipite tangu ngurumo ya mwisho. La pili, ambalo mimi naliona kubwa zaidi, ni maji ya njiani. Mji umejaa watu, mitaro huziba, vyoo hufurika, na maji yanayotuama vichochoroni huwa yamechanganyika na uchafu unaoleta kipindupindu na kuhara. Wajukuu wacheze katika mvua inayoanguka juu yao, juu ya sakafu ya ua iliyofagiliwa, na wasiguse maji yanayopita mlangoni. Huo ndio mpaka ninaomwomba mkwe wako akubaliane nawe, na ningependa awepo siku ya kwanza, ashike taulo, aone jinsi mtoto anavyofungua kinywa kuelekea juu kulidaka tone.

Makopo na mabeseni mtakayokingia maji ili watoto wasikilize mlio wake, tone juu ya sufuria na tone juu ya ndoo, yamwageni jioni ileile. Mbu wanaoeneza homa ya dengue huzaliana katika maji machache kama hayo na huuma mchana, wakati watoto wako macho, na Mombasa imeshapata milipuko ya homa hiyo, ikiwamo ya mwaka 2013 na 2017. Vifuu vya nazi vilivyosahauliwa nyuma ya choo ndivyo vya kwanza kukaguliwa.